Kulea Bustani ya Kumbukumbu ya Jamii: Mwongozo wa Miaka ya Mwanzo

Bustani ya kumbukumbu huanza na msiba, na msiba huwa na haraka zake. Watu waliofiwa kwa pamoja, iwe kwa ajali, maradhi, mafuriko au vita, hutaka kufanya jambo litakaloonekana kabla machozi hayajakauka, na wazo la kwanza linalowajia ni kupanda mti. Lakini mti una kalenda yake. Mche wa kivuli unaotiwa ardhini ukiwa na kimo cha goti huhitaji miaka kadhaa kabla mtu mzima hajaweza kuketi chini yake bila kuchomwa na jua, na udongo uliokanyagwa kwa muda mrefu unataka misimu miwili au mitatu ya kutiwa mboji ndipo uanze kushika maji ipasavyo. Kikundi kinachotaka kukamilisha kila kitu kabla ya kumbukumbu ya mwaka wa kwanza mara nyingi huishia kuwa na lango zuri, mawe yaliyopakwa chokaa na miche iliyokauka.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya kikundi kilichokwisha kukubaliana kwamba kinataka bustani, na sasa kinataka kujua kazi ipi itangulie, ipi isubiri na ipi isifanywe kabisa. Nitakawia zaidi kwenye upandaji wa miti na kwenye suala la majina ya marehemu, kwa sababu makosa ya huko huumiza zaidi na ni magumu kurekebishwa.

Kosa tulilolifanya sisi

Katika bustani ya kwanza niliyoshiriki kuianzisha, tuliipa kila familia mche wake, na kwenye kila mche tukafunga kibao kidogo chenye jina la marehemu. Siku ya kupanda ilipendeza mno: watu waliimba, watoto wakabeba maji kwa vikopo, na kila familia ikaondoka ikiwa na pahali pake pa kurudi. Hakuna aliyekuwa amepima jinsi maji yanavyokauka katika kona ya chini ya kiwanja. Mvua zilipokolea, maji yalituama pale kwa majuma, mizizi ikaoza, na miche mitano ikaanza kupukutisha majani mmoja baada ya mwingine.

Siku chache kabla ya kumbukumbu ya mwaka tuliingiwa na hofu. Tulitafuta miche mingine ya aina ileile na kimo kilekile, tukaing'oa iliyokufa usiku usiku, tukapanda mipya na kuvirudisha vibao, tukidhani tumewastiri wenzetu. Mama mmoja, mtu mzima, alifika mapema asubuhi, akauzunguka mche wa mwanawe mara mbili, akainama na kulipapasa tawi la chini, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, “Mwanangu, uzi wangu uko wapi?” Siku ya kupanda alikuwa amefunga uzi mweupe kwenye tawi lile, na hakuna kati yetu aliyeuona. Sikuwa na jibu.

Tangu hapo nimeshikilia kanuni moja, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inaizunguka: mmea hufa, kwa hiyo jina la mtu lisifungwe kwenye mmea mmoja. Bustani nzima ibebe kumbukumbu ya watu wote, na majina yakae kwenye kitu kisichohitaji kumwagiliwa. Pandeni miti mingi kadiri nafasi inavyoruhusu, na waacheni waliofiwa waipande kwa mikono yao wenyewe, ila mti usiwe wa mtu.

Ardhi, na karatasi inayoilinda

Kabla jembe halijagusa udongo, kikundi kijue ardhi ni ya nani na kitaruhusiwa kuitumia hadi lini. Ahadi ya mdomo ya kiongozi mwenye huruma haitoshi, kwa kuwa kiongozi huhamishwa, hustaafu au hufariki, na anayemrithi hukuta kwenye ramani kiwanja kitupu kinachofaa kujengwa. Ombeni makubaliano ya maandishi yanayotaja mipaka ya eneo, muda wa matumizi, atakayelipia maji, atakayewajibika mtu akiumia ndani ya bustani, na jambo ambalo wengi huona haya kulitaja, yaani kitakachofanyika iwapo ardhi itahitajika kwa shughuli nyingine. Kwa maoni yangu, muda wa chini ya miaka 10 hauendani na kazi ya kupanda miti. Mkipewa muda mfupi zaidi, anzeni na maua na vichaka vinavyoweza kuhamishwa, na msichonge jiwe lolote.

Ulizeni pia kuhusu kilichoko chini na kilichoko juu. Mabomba ya maji, nyaya zilizofukiwa, makaro ya zamani na nyaya za umeme zinazopita angani huamua mti ukae wapi. Mti uliopandwa chini ya nyaya za umeme utakatwa kichwa kila baada ya miaka michache na mafundi wasioijua historia yake, na itakuwa vigumu kuwalaumu.

Kamati ndogo hufanya kazi vizuri kuliko kubwa. Watu watano hadi saba wanatosha, ilimradi miongoni mwao wawemo waliofiwa, awemo mtu anayejua bustani kwa vitendo, na awemo mmoja ambaye msiba wenyewe haukumgusa moja kwa moja, anayeweza kusema hapana pale wengine wanaposhindwa kwa sababu ya huzuni. Huyu wa mwisho husahaulika sana, na ndiye atakayewaokoa siku mtakapoletewa sanamu kubwa ya zege na mfadhili mwenye nia njema.

Mwaka wa kwanza ni wa kuangalia

Ningependa kila kikundi kiumalize mwaka wa kwanza bila kupanda kitu cha kudumu. Najua ushauri huu ni mgumu kwa watu wanaotaka mahali pa kuipeleka huzuni yao. Ili wapate pa kukusanyika, sawazisheni duara moja la ardhi, wekeni mabenchi mawili na mpande maua ya msimu mmoja. Hayo yanatosha kwa kumbukumbu ya kwanza, na yakinyauka mwishoni mwa msimu hakuna atakayeshtuka, kwa kuwa kila mtu anajua ndiyo kawaida yake.

Mwaka huo wenyewe una kazi nyingi. Chora ramani ya kiwanja kwenye karatasi kubwa, kisha mrudi nayo asubuhi, adhuhuri na jioni, katika misimu tofauti, mkitia alama mahali kivuli kinapoangukia, upande upepo unakotokea, sehemu maji yanapotuama baada ya mvua, na njia za mkato ambazo watu wamezikanyaga wenyewe. Njia hizo ziheshimiwe. Watu wataendelea kuzipita hata mkizizibia kwa ua wa miiba, na ni nafuu kuzifanya ziwe njia halali za bustani.

Kipimo cha maji, ambacho sisi tulikipuuza, hakihitaji chombo chochote cha kununua. Chimbeni shimo lenye kina na upana wa sentimita 30 hivi, lijazeni maji na myaache yapotelee yote ili udongo wa pembeni ulowe, kisha lijazeni tena, chomekeni fimbo yenye alama na mwangalie maji yanashuka kwa kasi gani. Yakishuka kati ya sentimita 2.5 na 5 kwa saa, hapo panafaa mimea mingi. Yakishuka polepole kuliko hivyo, mizizi ya miti mingi itakosa hewa, na hapo pachimbwe mtaro, painuliwe tuta au paachiwe mimea inayopenda majimaji. Yakitoweka mara moja, udongo ni wa kichanga na utahitaji mboji nyingi ili ushike unyevu. Rudieni kipimo hicho katika kila kona, kwa sababu hatua chache tu zinaweza kutenganisha udongo wa aina mbili.

Ili kujua udongo wenyewe ukoje, chukueni chupa pana ya kioo yenye kifuniko, tieni udongo hadi theluthi moja, jazeni maji, tikiseni kwa nguvu na mwiache itulie. Mchanga huzama katika dakika moja au mbili, udongo laini usio mfinyanzi hufuata kwa saa kadhaa, na mfinyanzi wenyewe hukawia siku nzima au zaidi. Mkilinganisha unene wa matabaka hayo mtajua mna udongo wa namna gani. Ikiwa eneo hilo liliwahi kuwa gereji, jalala au kiwanda, pelekeni sampuli maabara kabla mtu yeyote, hasa mtoto, hajaanza kuushika udongo huo.

Huu pia ndio wakati wa kuanza lundo la mboji. Changanyeni takriban sehemu tatu za vitu vikavu, kama majani makavu na mabua, kwa sehemu moja ya vitu vibichi, kama majani mabichi na maganda ya matunda, hadi lundo lifikie mita moja kila upande. Liwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Lundo lililokaa sawa hufikia nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi katikati yake, joto linalotosha kuua mbegu nyingi za magugu, na likigeuzwa kila baada ya wiki moja au mbili litawapa mboji ya kutosha kwa msimu wa kupanda.

Njia na maji hutangulia miti

Mwaka wa pili uanze na njia, kwa sababu toroli, mawe na maji vitapita humo, na kuchimba njia baada ya kupanda miti ni kukata mizizi yake. Njia kuu iwe na upana usiopungua mita 1.5. Waliofiwa mara nyingi huja wakishikana mikono, na aliye kwenye kiti cha magurudumu anahitaji mwenziwe atembee ubavuni mwake badala ya nyuma yake. Mwinuko usizidi mita moja kwa kila mita 20 za mwendo; ukizidi hapo panahitajika reli ya kushikilia, na usifikie kamwe zaidi ya mita moja kwa kila mita 12. Kokoto zisizoshindiliwa hupendeza machoni, lakini humeza magurudumu na kuwaangusha wazee, kwa hiyo tumieni changarawe iliyoshindiliwa au kitu kingine kigumu.

Mabenchi yawe na kimo cha sentimita 45 hivi, yawe na egemeo na mikono, kwa sababu mzee huinuka kwa kusukuma mikono ya benchi. Angalau benchi moja liipe njia mgongo. Mtu anayelia hataki kutazamwa, na bustani nyingi za kumbukumbu zimepangwa kana kwamba watu huenda kule kupiga picha.

Maji yawe karibu. Mtu anayejitolea atabeba ndoo umbali mfupi mwaka mzima bila kulalamika, lakini akilazimika kuvuka kiwanja kizima kila safari, ataacha kuja kabla kiangazi hakijaisha. Wekeni bomba au tangi mahali ambapo mpira wa maji utaifikia mimea yote, na kama kuna paa karibu, kingeni maji ya mvua.

Sasa miti. Chagueni zaidi ile ya asili ya eneo lenu, maana imezoea mvua, wadudu na udongo wa hapo, na mchanganye aina. Mwaka 1990 mtaalamu wa miti wa Marekani, Frank Santamour, alipendekeza kwamba katika miti ya mji aina moja isizidi asilimia 10 ya miti yote, jenasi moja, yaani kundi la aina zinazokaribiana, isizidi asilimia 20 na familia moja ya mimea, yaani kundi la jenasi zinazohusiana, isizidi asilimia 30, ili ugonjwa mmoja usifagie kila kitu. Katika bustani yenye miti 15 hesabu hiyo haiwezi kufuatwa barabara, lakini sababu yake ina uzito zaidi hapa kuliko barabarani: safu nzima ya miti ya kumbukumbu ikikauka katika msimu mmoja, watu hawataona ugonjwa wa miti tu.

Shimo la kupandia liwe pana mara mbili au tatu ya bonge la mizizi, lakini kina chake kisizidi kimo cha bonge hilo. Watu hupenda kuchimba shimo refu na kulijaza samadi chini; baada ya miezi samadi huoza na kushuka, mche nao huzama, na shina linabaki likifunikwa na udongo mbichi hadi lioze. Tafuteni mahali shina linapotanuka kuanza kuwa mizizi. Mahali hapo pabaki pakionekana juu ya udongo mkishamaliza kupanda. Mizizi iliyojizungusha ndani ya mfuko wa kitalu ifunguliwe kwa vidole au ikatwe, la sivyo itaendelea kuzunguka vilevile ardhini na kuunyonga mti ukiwa umeshakua. Mfuko wenyewe uondolewe wote. Nimewahi kuona mche wa miaka miwili uking'oka kwa kusukumwa na mbuzi, mizizi yake yote ikiwa bado imo ndani ya nailoni.

Baada ya kupanda, tandazeni majani makavu au vipande vya maganda ya miti kwa unene wa sentimita 5 hadi 10, mkiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina, kwani matandazo yanayogusa shina huliozesha. Mwagilieni taratibu ili maji yazame: kwa mche wa kawaida, lita 15 hadi 20 mara moja au mbili kwa wiki wakati wa kiangazi, katika misimu miwili ya mwanzo, ni bora kuliko kikombe kimoja kila siku, ambacho huilea mizizi juujuu. Kigingi kiwekwe pale tu ambapo upepo unalazimu, kifungo kiwe chini na kilegee kidogo, na kiondolewe baada ya mwaka. Shina lisilotikiswa na upepo halijengi nguvu.

Katika kona iliyofichika, wekeni kitalu cha akiba chenye miche michache ya kila aina mliyoipanda, na miti ikianza kuzaa, kusanyeni mbegu zake kila mwaka. Katika jiji la Oklahoma huko Marekani, mti mmoja wa jamii ya elmu ulinusurika bomu lililowaua watu 168 tarehe 19 Aprili 1995, na mbegu zake zimekuwa zikioteshwa na miche yake kugawiwa watu. Mti ule siku moja utakufa kama miti mingine, lakini uzao wake umeshatapakaa. Hata bustani ndogo inaweza kufanya hivyo, na mche unaochukua nafasi ya uliokufa ukiwa ni mtoto wake, mnaweza kuwaambia watu ukweli bila kuona haya.

Tabaka la chini

Vichaka na maua ya kudumu yasubiri mwaka wa tatu, wakati mtakapokuwa mmeona kivuli cha miti kinakoelekea. Hapa sina mengi. Pandeni kwa makundi makubwa ya aina chache, kwa kuwa vishina viwiliviwili vya kila kitu huleta palizi isiyokwisha. Yenye harufu nzuri ikae karibu na mabenchi, na angalau kundi moja liwe la mimea inayochanua katika mwezi wa kumbukumbu yenu. Jambo hili ndilo ambalo wageni hulikumbuka. Epukeni oleanda na mimea mingine yenye sumu mahali watoto wanapofika, msipande miiba kando ya njia, na msikubali zawadi ya mmea unaosambaa bila kizuizi, kama lantana, hata akiwaletea mtu mnayemheshimu.

Majina

Familia zitauliza juu ya majina tangu wiki ya kwanza, na jibu langu ni kwamba yasichongwe kabla ya mwaka wa tatu. Kabla ya hapo orodha huwa haijatulia: kuna waliokuwa hospitalini, kuna waliopotea, kuna familia zilizohama bila kutoa taarifa. Fungueni daftari la majina, liwe na nakala mbili zinazotunzwa na watu wawili tofauti, na kila jina liandikwe kama familia inavyoliandika, mtu wa familia akiweka sahihi yake pembeni. Jina lililoandikwa kwa kusikia halifai. Tofauti ya herufi moja inaweza kumgeuza mtu kuwa mwingine kabisa.

Orodha ikishatulia, ichapisheni kwenye karatasi kwa ukubwa uleule utakaochongwa, itundikeni bustanini kwa mwezi mzima mahali pasiponyeshewa, na mfunge kalamu ya risasi kwa kamba pembeni. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na jiwe. Tulipofanya hivyo mara ya pili, masahihisho yalikuja hata kutoka kwa watu ambao hatukujua kuwa walikuwa wakipita pale, na mzee mmoja alilikuta jina lake mwenyewe mahali pa jina la mdogo wake, akatuomba tumwahirishie kidogo.

Utaratibu wa majina ni uamuzi mzito kuliko unavyoonekana. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoanzishwa mwaka 1917 ikiwa na jina jingine, ilijiwekea kanuni kwamba waliokufa wakumbukwe kwa usawa bila kujali cheo, rangi wala dini, na kanuni hiyo ni mfano mzuri wa kuigwa. Lakini ripoti yake yenyewe ya mwaka 2021 ilikiri kwamba katika Vita vya Kwanza vya Dunia watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kanuni ilikuwapo, lakini aliyeandika orodha ndiye aliyeamua nani ahesabiwe. Kwa hiyo jiulizeni mapema ni nani anayeelekea kuachwa katika orodha yenu: kibarua asiyejulikana jina kamili, mtoto aliyefariki kabla ya kupewa jina, mgeni asiye na ndugu karibu. Wekeni mstari kwa ajili ya wasiojulikana, na acheni nafasi tupu kwa majina yatakayojitokeza baadaye. Mpangilio wa alfabeti, bila vyeo, huzuia ugomvi mwingi. Na kama kuna uwezekano kwamba miongoni mwa marehemu yumo anayetuhumiwa kuwa chanzo cha msiba, amueni kanuni yenu kabla jina lake halijatajwa mezani, maana likishatajwa hamtajadili kanuni tena, mtamjadili mtu.

Kwa upande wa jiwe, matale, yaani graniti, ni gumu kuliko marumaru, na marumaru huliwa polepole na mvua yenye asidi hadi maandishi yafifie. Shaba huibwa. Rangi iliyopakwa juu ya zege hudumu miaka michache tu kabla haijabambuka. Chongeni maandishi yenye herufi zisizopungua sentimita 2, na majina yapangwe kati ya kimo cha sentimita 70 na 160 hivi kutoka ardhini, ili mtoto na aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu waweze kuyasoma na kuyagusa. Watu watayagusa. Badala ya bamba moja kubwa, tumieni mabamba mengi madogo, ili kosa moja likionekana baada ya miaka libadilishwe bamba moja bila kubomoa ukuta.

Mahali ambapo familia huleta majivu ya marehemu, jambo hili lisemwe kwa upole lakini kwa uwazi: majivu hayo yana chumvi nyingi na alkali kali, na yakimwagwa kwa wingi kwenye shina la mmea huudhuru mmea huo. Tengeni sehemu maalumu isiyo na mizizi karibu, au mkubaliane kwamba yatanyunyizwa kidogo kidogo na kuchanganywa na udongo mwingi.

Vitu vinavyoachwa

Baada ya kila kumbukumbu mtakuta maua yaliyofungwa kwa nailoni, mishumaa, picha, barua na midoli. Wekeni kibao langoni kinachoeleza utaratibu, kwa mfano kwamba vitu vitakaa wiki nne, kisha maua yaingie kwenye mboji na vingine vitunzwe katika sanduku kwa miezi mitatu mwenyewe akivihitaji. Familia nyingi nilizoziambia kwamba maua yao yatarudi kuwa udongo wa bustani hiyohiyo zilipenda wazo hilo. Mishumaa iwekwe kwenye sinia la mchanga, mbali na matandazo makavu. Na mtu mmoja, siku zote yuleyule, ndiye awe na jukumu la kuviondoa vitu hivi. Ikiwa kila mtu anaruhusiwa kuviondoa, patatokea mtu wa kulaumiwa kwa barua iliyotupwa.

Kazi inapobadili mikono

Kati ya mwaka wa nne na wa tano, watu hupungua. Wengine wamehama, wengine wamechoka, na wengine, hili lafaa kusemwa, wamepona kiasi cha kutohitaji kuja tena. Msiwakaripie. Bustani iliyowasaidia kufikia hapo imefanya kazi yake kwao, na wakirudi baada ya miaka 10 wapokelewe kama waliokuwa safarini.

Kinachotakiwa ni utaratibu usiotegemea moto wa moyo wa mtu mmoja. Chagueni siku moja ya mwezi isiyobadilika, watu wakija watatu kazi ifanyike ya watatu. Funguo zikae kwa watu wawili. Kila mfadhili anayetaka kujenga kitu aombwe pia fungu la kukitunza kwa miaka mitano, na asipokubali, afadhali kitu hicho kisijengwe. Mara moja kwa mwaka miti ikaguliwe na mtu anayejua: matawi yaliyokufa juu ya mabenchi yakatwe, miti iliyosongamana ipunguzwe mingali midogo, na njia zilizoinuliwa na mizizi zirekebishwe kwa kuongeza changarawe juu bila kukata mizizi. Sehemu kubwa ya mizizi inayofyonza maji na chakula imo katika sentimita 60 za juu za udongo, na huenda mbali kupita ukingo wa matawi.

Andikeni kitabu cha bustani. Kiwe na ramani ya mabomba, orodha ya mimea na tarehe ilipopandwa, aina ya jiwe lililotumika na mahali lilipotoka, nakala ya makubaliano ya ardhi, na kumbukumbu ya kila mmea uliokufa na sababu yake. Sisi tuliandika ndani yake habari ya miche mitano na uzi mweupe, ili atakayekuja baada yetu asije akarudia ujanja uleule.

Kitabu hicho kiwe pia na ukurasa unaosema la kufanya iwapo bustani italazimika kufungwa au kuhamishwa. Familia zijulishwe ana kwa ana kabla ya tangazo lolote na kabla ya uzio kusogezwa. Mbegu na vipandikizi vichukuliwe msimu mmoja mapema, maana miti mikubwa haihamishiki. Mabamba ya majina yafunguliwe mchana, waliofiwa wakiwapo, na yapelekwe moja kwa moja mahali papya bila kulala ghalani hata siku moja.